Paa Lisilo na Kelele

Jumapili, 1 Septemba

Nesi wa presha amenikataza kupiga kelele. Amesema nikipandwa na hasira nichukue daftari, niandike, hasira ziishie kwenye karatasi. Nikamuuliza kama karatasi zilizopo dukani zitatosha. Hakucheka.

Haya, naandika. Mimi ni Gaynor, nina miaka hamsini na tisa, nauza mikate mjini Barnsley, na tangu mwezi wa tano nimerudi kukaa na baba yangu kwa sababu alianguka kwenye ngazi na hawezi tena kupanda ghorofani kulala. Sebule ipo. Ina zulia, ina joto, ina televisheni. Mtu mwenye akili zake timamu angelala sebuleni. Baba yeye amehamishia kitanda nyuma ya nyumba, kwenye chumba cha vioo, kile alichojengewa Mama ili apange maua yake na kunywa chai akitazama ua. Kiangazi chumba kile ni tanuri. Wakati wa baridi ni friji. Juu kimeezekwa mabati ya plastiki yaliyoota ukungu wa kijani mpaka ukitazama juu huwezi kujua kama nje kumekucha.

Namwambia, "Baba, njoo ulale sebuleni."

"Niko sawa hapa, mwanangu. Usihangaike."

Hilo "usihangaike" ndilo lililonipeleka kwa nesi wa presha.

Jumanne, 3 Septemba

Mvua. Kwenye lile paa la plastiki ni kama mtu anamwaga misumari ndani ya ndoo. Nilikuwa namsomea Baba taarifa ya hali ya hewa kwenye televisheni kwa kupaza sauti, tusisikie hata neno. Kwa hiyo hatukujua kama itanyesha.

Jumamosi, 7 Septemba

Kaka yangu Russell amekuja. Russell huja mara moja kwa mwezi, hutembea nyumba nzima akigonga kuta kwa vidole kama anataka kuinunua, halafu hunieleza ninachokosea.

Leo alikuja na kitabu chenye picha za nyumba ya wazee. Wazee wote kwenye picha wanacheka. Sijui wameambiwa nini.

"Dada, tusidanganyane," akaniambia jikoni. "Mzee akilala kwenye kile chumba baridi ikiingia, tutamkuta amekauka. Sebuleni hataki. Basi aende mahali wanapojua kutunza watu."

"Kwani mimi sijui?"

"Sijasema hivyo."

"Umesema hivyo hivyo."

Tukabishana mpaka birika likapoa. Mwisho tukakubaliana: chumba kile kiezekwe upya, kiwe na joto la kueleweka kabla ya baridi kali. Kikipata joto, Baba anabaki. Kisipopata, anakwenda kwenye picha. Wale wa nyumba ya wazee wana nafasi moja, wameahidi kumwekea Russell mpaka katikati ya mwezi wa kumi na moja.

Tulipomwambia Baba, alikuwa amekaa kitandani na kofia yake kichwani, koti juu ya pajama. Akasema, "Mtakachoona kinafaa."

Baba alikuwa mchimba makaa ya mawe, alikuwa mtu wa kugonga meza. Siku hizi anasema "mtakachoona kinafaa" mpaka natamani aipige meza teke.

Jumatatu, 9 Septemba

Lionel wa jirani amepita tena uani bila kubisha, na viatu vyake vya matope juu ya ngazi niliyoifagia. Nimemkataza kupita hapo navyo. Yeye ndiye anayewalisha njiwa wa Baba. Waliobaki ni wachache, wazee kama mwenyewe, wamo kwenye banda la mwisho wa ua. Kila alasiri Lionel anawafungulia, wanazunguka juu ya nyumba zetu, halafu anatikisa mkebe wa nafaka nao wanarudi.

Baba hawaoni. Macho yake yameingia doa jeusi katikati, ukisimama mbele yake anakuona masikio tu. Kwa hiyo simwelewi Lionel anamfungulia nani.

Alhamisi, 12 Septemba

Leo alikuja mtu wa mapaa ya vioo. Kijana mwenye tai, sanduku, na taa ya kupashia joto. Akatuwekea kipande cha kioo, akawasha taa juu, akamshika Baba mkono na kuuweka chini ya kioo.

"Unahisi nini, mzee wangu?"

"Sihisi kitu."

"Ndiyo yenyewe! Joto la nje halipenyi, na la ndani halitoki. Na mwanga wote unaupata."

"Vizuri sana," akasema Baba.

Mimi nilikuwa nimeshapenda. Maua ya Mama bado yamo mle kwenye vyungu, yanang'ang'ania uhai chini ya ule ukungu. Na Baba, hata kama haoni sura, mwanga anauona. Sasa nikangoja kijana ataje bei aondoke. Hakuondoka. Alikuja tukila chakula cha mchana, akaondoka tukila cha usiku.

Na kosa ni letu. Kwetu huwezi kumfukuza mtu ambaye kikombe chake bado kina chai, wala huwezi kukiacha kikombe cha mgeni kikakaa kitupu. Wauzaji wa mapaa wanalijua hilo vizuri kuliko kitu kingine chochote. Kila kijana akimaliza kikombe, Baba anasema, "Gaynor, hebu mwongezee mgeni." Nami ninamwongezea huku nasaga meno. Hata alipokwenda chooni Baba alininong'oneza, "Huyu haendi kwao?" Alipotoka chooni Baba akamwambia, "Biskuti?"

Jumamosi, 14 Septemba

Russell hataki vioo. Anasema fremu ya kile chumba ilitengenezwa kubeba plastiki, vioo vitaielemea, itabidi kuibomoa yote. Nimemuuliza tangu lini amekuwa fundi. Akasema amesoma. Nami nimesoma. Nimesoma sura yake.

Alhamisi, 19 Septemba

Mtu wa vigae. Huyu alikuwa mnene, mcheshi, jasho linamtoka, na alikuja na Russell, kwa hiyo nilimchukia tangu mlangoni.

Alisema ukweli mmoja ulioniuma: vigae vya udongo fremu yetu haibebi, na vioo navyo itabidi kuongeza vyuma. Yeye anauza vigae vya bati jepesi vyenye umbo la kigae, chini yake sponji nene ya kuzuia baridi, halafu dari nyeupe kama ya chumba chochote. Mkaguzi wa halmashauri anakuja, anaangalia, anaweka sahihi. Mwanga utapungua, lakini ataacha dirisha upande wa ua kama lilivyo.

Kisha akafanya mchezo wake. Akaweka kipande cha bati la plastiki upande mmoja na kipande cha paa lake upande mwingine, akachukua kopo la kumwagilia maua, la Mama, bila kuomba ruhusa, akamwagia plastiki. Ngangangangangaa. Akamwagia la kwake.

"Sikilizeni," akasema, kidole juu.

Tukasikiliza. Kimya.

"Hata kidogo?" Baba akauliza.

"Hata kidogo, mzee."

"Na ndege akitua?"

"Ndege!" Yule mtu akacheka mpaka tumbo likatikisika. "Mzee wangu, hata akidondoka kondoo hutamsikia. Utalala kama mtoto."

Russell akacheka. Mimi pia nilicheka, kwa jinsi alivyolisema. Baba akatabasamu kidogo, akapapasa meza mpaka akakishika kikombe chake.

"Vizuri sana," akasema. "Gaynor, mwongezee mgeni."

Jumamosi, 21 Septemba

Leo klabu ya njiwa ilimaliza mashindano ya mwaka, yale ya kuwaachia njiwa mbali na kuona wa nani atawahi kurudi bandani kwake. Wazee wawili wa klabu walipita kumsalimia Baba, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi nilimsikia akiongea kwa sauti. Walikuwa wanamcheka mwenzao aliyeshindwa kwa sababu njiwa wake alifika wa kwanza kutoka Ufaransa, halafu akatua juu ya paa la nyumba, akakaa hapo anajipangusa manyoya kama yuko harusini. Njiwa hahesabiwi mpaka aingie bandani. Akikaa juu ya paa, umekwisha.

"Wa kwangu hawajawahi kukaa juu ya paa," Baba akasema. "Hata mmoja. Muulizeni Russell."

Ni kweli. Tulipokuwa wadogo Baba alimsimamisha Russell uani kila Jumamosi na mpira wa tenisi mkononi. Njiwa akionyesha tu nia ya kutua kwenye paa, Russell amtupie mpira wa kumshtua. Mvua, jua, Russell yupo uani. Mimi nilikuwa dirishani na keki yangu, namfanyia sura za dhihaka. Leo nilimwonea huruma kidogo yule mtoto. Halafu nikakumbuka kitabu cha picha, ikaniisha.

Jumamosi, 28 Septemba

Tumeamua. Vigae vya bati.

Sipendi kushindwa na Russell, lakini asubuhi ya leo niliingia kumpa Baba uji nikaona pumzi yake inatoka moshi mle chumbani, na bado ni mwezi wa tisa. Maua ya Mama nitayahamishia jikoni. Kabla ya kutia sahihi nilimfuata, nikapiga magoti kando ya kitanda, nikamuuliza taratibu, bila presha.

"Baba. Chumba ni chako. Unataka vioo au vigae?"

"Nyinyi mnaona ipi?"

"Nakuuliza wewe!"

"Usihangaike, mwanangu. Vyovyote."

Nilitoka nje nikapiga kelele ndani ya pipa la takataka. Nesi hakusema chochote kuhusu mapipa.

Jumapili, 6 Oktoba

Mvua kutwa. Ndoo, misumari. Nikamwambia Baba, vumilia, zimebaki siku chache tu. Akavuta blanketi hadi kidevuni.

Jumatatu, 14 Oktoba

Mafundi wamefika. Wamevunja, wamepiga redio, wamekunywa chai ya kutosha kuogea. Baba analala sebuleni kwa muda, amekaa kwenye kiti na kofia yake kama mtu anayengoja treni.

Jumatano, 16 Oktoba

Wamemaliza. Siwezi kusema uongo, ni kazi nzuri. Dari nyeupe, joto, hakuna unyevunyevu. Tumemrudisha Baba kitandani kwake na sasa anavaa pajama tu, kama mtu mwenye akili zake.

Ila wale mafundi wameacha mabati yote ya plastiki ya zamani yamelazwa uani, moja juu ya jingine, chini ya dirisha la Baba. "Tutarudi kesho kuyachukua, mama."

Alhamisi, 17 Oktoba

Hawajaja.

Jumapili, 20 Oktoba

Mvua kubwa, na hatukuisikia! Tulitazama vipindi viwili vya televisheni mfululizo mle chumbani kwa sauti ya kawaida. Nilimpigia Russell kumwambia, nikajisikia nikimshukuru. Nimejishangaa.

Baba aliuliza, "Wamerudi?"

"Mafundi? Bado, mashetani wale."

Akageukia ukutani.

Jumatano, 23 Oktoba

Mabati bado yapo. Nimepiga simu, msichana akaniambia "wako njiani". Njiani kutoka wapi, Australia?

Baba hakumaliza chakula. "Wamerudi?" akauliza saa tisa. "Wamerudi?" akauliza tena kabla sijafika jikoni. Nikamwambia hawajarudi na wakirudi nitawavunja miguu. Akanitazama kwa ule ukingo wa macho yake.

"Usiwafanye chochote," akasema.

Jumapili, 27 Oktoba

Russell alikuja kulikagua paa. Aligonga dari kwa vidole, akaridhika. Kisha akakaa na Baba, na kwa muda wote aliokaa Baba alimuuliza "Wamerudi?" si chini ya mara nne.

Alinifuata jikoni, sauti chini. "Dada, umeona? Anachanganyikiwa. Swali moja, tena na tena. Hata hajui anamuulizia nani."

"Anawaulizia mafundi."

"Mafundi wanamhusu nini Mzee?"

Tulimjengea chumba cha joto ili asiende kwenye picha, na sasa yumo kwenye joto na akili inamtoka. Anakula kama ndege, hazungumzi, saa nzima amekaa kitandani ameinua kichwa, mdomo wazi kidogo. Russell anataka tukaione ile nyumba ya wazee kabla hawajampa mtu mwingine nafasi. Nilisema nitafikiri. Ni mara yangu ya kwanza kusema hivyo, na nimejichukia.

Namkasirikia Russell. Lakini leo, Mungu anisamehe, nimemkasirikia Baba zaidi. Tumefanya kila kitu! Tumehangaika! Si aseme asante hata mara moja?

Jumanne, 5 Novemba

Fataki usiku wote, kama kila mwaka tarehe hii. Lionel amewafungia njiwa wasitishike. Baba hakuuliza kitu leo. Ilinitisha kuliko anapouliza.

Ijumaa, 8 Novemba

Russell ameshapanga. Jumapili anakuja kumchukua Baba "akaone tu". Mabati bado yapo uani.

Jumamosi, 9 Novemba

Nitaandika ninavyoweza.

Duka lilifunga mapema leo, nikarudi nyumbani alasiri. Mlango wa chumba cha Baba wa kutokea uani uko wazi kabisa, joto lote linatoka nje. Kitanda kitupu. Nikatoka mbio.

Alikuwa uani. Amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, pajama na sapatu, joho la kulalia begani, pua nyekundu, kando ya yale mabati ya plastiki. Nyasi zilikuwa bado na barafu pale jua lisipofika.

"Umepata wazimu?" nikapiga kelele. Nasema wazi, nilipiga kelele, nesi aende zake. "Tumekuwekea paa la mfalme, unakuja kukaa kwenye barafu na takataka? Unataka kufa unikomeshe? Ndivyo unavyotaka?"

Baba akainua kidole kimoja.

"Nyamaza kidogo, mwanangu."

Kwa jinsi alivyolisema, nilinyamaza. Hakuwa na sauti ya "usihangaike". Ilikuwa ile sauti yake ya zamani, ya meza.

Juu, njiwa walikuwa wanazunguka. Mwisho wa ua Lionel alisimama na mkebe wake, hautikisi. Kisha mmoja akashuka, akatua juu ya mabati ya plastiki, hatua moja kutoka kwenye goti la Baba. Tik. Tik, tik. Halafu kitu kama kukwaruza. Tik.

"Huyo ni Mchechemeaji," Baba akasema. "Aligongwa na mwewe, mguu wa kushoto haukupona."

Mwingine akatua. Huyu alitembea haraka haraka, vidole vyepesi.

"Bibi Harusi. Hawezi kusimama mahali pamoja."

Wa tatu alitua kwa kishindo, bati likalia.

"Na huyo bonge ni Sajini. Lionel, unamlisha sana!"

"Nitampunguzia, Bwana Clifford," Lionel akasema kutoka kule mwisho.

Nilisimama pale na mfuko wangu wa mikate. Ukweli ulinifikia polepole kama mtu mjinga anavyoelezwa jambo. Kila alasiri. Ukungu wa kijani, macho yenye doa, kitanda kilichokataa kwenda sebuleni. Hakuwa anaona chochote kupitia paa lile. Alikuwa anawasikia wakitua juu yake, mmoja mmoja, akiwahesabu. Na sisi tukalipa watu waje wamwondolee.

"Wamerudi," nikasema. "Ulikuwa unawaulizia njiwa."

"Sasa ningemuulizia nani?"

"Kwa nini hukusema?"

"Hamkuniuliza."

"Hatukukuuliza! Nilipiga magoti, Baba! Nilikuuliza kwa mdomo wangu huu!"

"Uliniuliza nataka vioo au vigae." Akafuta pua kwa mkono wa joho. "Sikutaka vioo wala vigae. Nilitaka lile lile, bovu, lenye kelele. Ungesemaje? Nyinyi mnahangaika, mnagombana jikoni, mnafikiri siwasikii. Nikuambie mimi naona raha kulala kwenye friji kwa sababu ya miguu ya njiwa?"

"Ndiyo! Uniambie hivyo hivyo!"

Akalikaza joho. Kisha akasema chini chini, na ndipo nikaona amekuwa mwekundu mpaka shingoni, "Na jambo lenyewe ni aibu. Njiwa wa Clifford Hepworth wanakaa juu ya paa. Wakisikia klabuni, nitahama mji."

Nilimwingiza ndani, nikamfunika, nikamtia chupa ya maji moto miguuni, huku namtukana tangu kichwani mpaka kwenye sapatu, naye anaitikia "ndiyo, mwanangu", "kweli, mwanangu". Halafu nikatoka kumalizana na Lionel.

"Wewe ulijua!"

"Nilijua, Bi Gaynor."

"Tangu lini?"

"Tangu macho yalipoharibika. Aliniambia nisitikise mkebe mpaka watue kwanza juu ya chumba chake. Miaka yote aliwafundisha wasitue, ikabidi tuwafundishe upya. Walikataa kabisa mwanzoni." Akaivua kofia yake, akaigeuza geuza. "Alinifunga mdomo. Mafundi walipoanza kubomoa, nilisimama hapa karibu nilie."

"Ungenigongea mlango!"

"Ulinikataza kupita na viatu vya matope."

Nimempa mikate yote iliyokuwa kwenye mfuko.

Jumapili, 10 Novemba

Russell alifika na gari limeoshwa na blanketi kwenye kiti cha nyuma. Nikamshika mkono kabla hajavua glavu, nikamburuta mpaka uani. Nilimwambia kaa kwenye ndoo. Akasema suruali yake. Nikamwambia kaa.

Lionel akafungua banda. Tik, tik, kwaru, tik.

Nilimweleza. Kwanza hakuamini, halafu akaamini, na usoni alibadilika rangi kwa hatua. Nilifikiri atalia. Hakulia. Alisimama akaanza kutembea huku na huku uani, mikono kichwani.

"Juu ya paa?" akasema. "Anawaacha watue juu ya paa? Mimi nilisimama hapa! Hapa hapa! Masikio yaliganda! Nikikosa mmoja sipewi chakula cha jioni mpaka nieleze ilikuwaje! Na sasa anawafundisha watue?"

"Ndiyo."

"Juu ya paa!"

"Ndiyo, Russell."

Sijawahi kumwona amekasirika hivyo, na sijawahi kumpenda hivyo tangu tulipokuwa watoto. Maana na mimi nilikuwa na hasira ile ile, ya kutoambiwa kitu. Tulisimama uani tukamsema Baba wetu mpaka tukachoka. Dirishani nikaona kofia yake imekaribia kioo. Alikuwa anasikiliza kila neno.

Russell hakuingia na blanketi. Aliwapigia simu watu wa picha akiwa pale pale uani. "Mpeni mwingine," akasema. "Hajachanganyikiwa. Ni mkaidi tu."

Jumanne, 12 Novemba

Mafundi wamekuja! Baada ya karibu mwezi mzima wa simu, wamekuja na lori, wamefungua geti, wanaomba radhi, wanataka kuchukua mabati.

Nilisimama mlangoni na ufagio. "Gusa hata moja uone."

"Mama, si wewe uliyepiga simu wiki iliyopita—"

"Gusa uone!"

Wakaondoka. Sikuwapa hata chai.

Ijumaa, 15 Novemba

Nimechagua bati moja, lililo zima kuliko mengine. Russell alitaka tununue jipya, la kisasa, linalonyonya sauti. Nilimtazama tu mpaka akajisikia mwenyewe alichosema.

Jumapili, 17 Novemba

Russell alikuja asubuhi na ngazi na toroli la vifaa. Paa la vigae limebaki juu, na joto lake. Chini yake, nje ya dirisha la Baba, usawa wa kichwa chake akiwa kitandani, amepigilia mbao mbili na kulilaza lile bati la zamani, lina ukungu wake wote. Nilitaka kulisugua. Baba alisema kutoka ndani, "Usilisugue, wanateleza." Ni jibu la kwanza la wazi alilonipa mwaka huu kuhusu mapaa, na nilimwambia hivyo.

Saa tisa Lionel akafungua banda. Tulisimama uani sote, mimi, Russell, na Lionel na mkebe wake. Baba kitandani, dirisha limefunguliwa.

Njiwa wakazunguka mara ya kwanza. Mara ya pili. Halafu wakashuka kwa pamoja na wakaenda moja kwa moja bandani, wakaingia mmoja mmoja, kwa adabu, kama walivyofundishwa enzi zile za mashindano. Bati likabaki tupu.

Nilihisi hasira inanipanda kutoka visiginoni, ya kuwakasirikia ndege, nikafikiria pipa la takataka.

Kisha Mchechemeaji akatoka tena bandani. Akaruka chini chini juu ya ua, akaning'inia hewani kidogo mbele ya lile bati jipya la zamani, akatua. Tik. Kwaru. Tik, tik.

Na Russell, mtu wa miaka sitini na mbili, mwenye suruali ya pasi, mkono wake ulikwenda chini wenyewe kwa mazoea, ukaokota mpira wa mbwa wa Lionel kwenye nyasi, ukainuka nyuma ya bega kuutupa.

"RUSSELL!" sauti ikatoka dirishani, mpaka vyombo vya jikoni vikalia. "Mguse huyo ndege nikuvunje mkono!"

Russell akauangusha mpira. Alikuwa anacheka na machozi yanamtoka. Lionel akageuka kutazama ukuta.

Niliingia ndani nifunge dirisha, joto lisitoke. Baba alikuwa ameinua kichwa, mdomo wazi kidogo. Nikaliacha wazi kwa upana wa vidole viwili, nikaenda kuchemsha chai.